Somo: Kuandaa skripti na filamu fupi kwa ajili ya tamasha

Wakuu, wengi mmeniuliza namna ya kupeleka kazi ZIFF, lile tamasha la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1997, ambapo filamu huonyeshwa usiku ndani ya Ngome Kongwe. Hatua hizi zitakufaa kwenye matamasha mengine pia.

Hatua ya 1: Masharti kwanza, kamera baadaye. Kwa waandaaji wa Oscar, filamu fupi ni isiyozidi dakika 40, pamoja na yale majina ya mwisho. Wengine wanataka fupi zaidi ya hapo. Ushauri wangu: ishia dakika 12. Anayepanga ratiba hapati shida kuichomeka filamu ya dakika 12; ya 28 inamlazimu aache za wengine mbili.

Hatua ya 2: Skripti. Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Tumia herufi za Courier, ukubwa 12. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Kila sini, yaani tukio la mahali pamoja na wakati mmoja, ifunguliwe kwa mahali na wakati: NDANI. CHUMBA CHA ASHA – USIKU. Kisha andika kinachoonekana na kinachosikika, basi. Kijana mmoja aliniletea hii:

*Asha anamkumbuka marehemu mumewe, moyo unamuuma.*

Nikamuuliza, moyo huo kamera itaupigaje? Akaondoka, kesho yake akarudi na hii:

*Asha anafua. Anachukua shati la kiume, anafika kwenye kola yenye weusi wa jasho. Anainusa. Analirudisha shati kwenye msumari, halijafuliwa.*

Neno halijatamkwa, na mjane tumeshamwona. Nilimshika mkono kwa furaha.

Angalia pia kama shindano linataka skripti isiyo na jina la mwandishi. Jina likibaki kwenye jalada, unaweza kuondolewa kabla hujasomwa.

Hatua ya 3: Haki. Sajili kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Na muziki, jamani! Filamu yangu ya kwanza ilichaguliwa, kisha nikaombwa kibali cha wimbo niliouweka mwishoni. Sikuwa nacho, ikatolewa. Siku hizi namtafuta mpiga gitaa wa mtaani kwetu, namlipa, tunaandikiana karatasi na kutia saini.

Hatua ya 4: Kutuma. Matamasha mengi hupokea kazi kupitia tovuti ya FilmFreeway. Ada hupanda kadiri siku ya mwisho inavyokaribia, kwa hiyo wahi. Kabla ya kutuma, fungua linki na nywila yako kwenye simu ya mtu mwingine uone kama inacheza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shikamoo. Nimepiga kwa simu tu, watanipokea?*

Marahaba. Watakupokea. Mwongozaji Mmarekani Sean Baker alipiga filamu ya *Tangerine* kwa iPhone 5s, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2015. Kitakachokuangusha ni sauti. Azima simu ya pili, irekodi karibu na mwigizaji, piga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye uoanishe sauti na picha.

*Mwalimu, wahusika wangu wanaongea Kiswahili cha Lamu. Nibadilishe?*

Usiguse hata neno! Weka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na aifanye mtu anayekijua Kiamu.

*Yangu iko YouTube tayari. Niifute?*

Soma sharti la onyesho la kwanza. Kama wanataka ambayo haijaonekana hadharani, waandikie ukweli kabla hujalipa ada. Kuifuta kimyakimya hakusaidii, maana walioiona wapo.