Macho Mekundu: Lichunguze Jicho Kabla ya Kulitia Dawa

Anza kwa kunawa mikono kwa sabuni, kisha litazame jicho la mgonjwa penye mwanga. Machozi mepesi yanayoanza jicho moja na kuhamia la pili huashiria virusi, kama wale waliosambaa hapa Uganda katika mlipuko wa mwaka 2024. Tongotongo nzito za usaha zinazogandisha kope asubuhi huashiria bakteria, ilhali mwasho mkali wa macho yote mawili, hasa kwa mtoto anayeyafikicha kila msimu wa vumbi, ni dalili ya mzio.

Pili, tafuta dalili za hatari. Ikiwa kuna maumivu makali, mwanga unaumiza, uoni umefifia, kioo cha jicho (sehemu angavu ya mbele) kina doa jeupe, au mgonjwa ni mtoto mchanga aliye chini ya siku 28, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maji ya majani na maziwa ya mama yasitiwe kamwe, kwani huweza kuingiza vijidudu vinavyosababisha kidonda cha jicho.

Tatu, chagua tiba. Virusi huisha vyenyewe kwa wiki moja hadi mbili: kitambaa safi chenye maji baridi na taulo ya peke yake vyatosha. Bakteria hutibiwa kwa mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 au matone ya kloramfenikoli, na mzio kwa matone ya kuzuia mzio.

Nne, vuta kope ya chini, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, ufumbe na kubonyeza kona ya ndani kwa dakika moja. Chupa iliyofunguliwa itupwe baada ya wiki nne.

Hatua ya tano, kufuatilia jicho baada ya kutia dawa, ndiyo inayosahaulika zaidi. Kuchoma kwa sekunde chache ni kawaida. Lakini wekundu ukizidi baada ya siku kadhaa za kutumia dawa, na ngozi ya kope ikawa na vipele, ikawasha na kuvimba, huenda dawa yenyewe ndiyo inayodhuru, hasa ikiwa na neomaisini (dawa ya kuua bakteria) au benzalkoniamu, kemikali inayozuia dawa isiharibike. Wengi huongeza matone wakidhani ugonjwa umekaidi, na jicho huzidi kuumia. Acha dawa hiyo, umwone afisa tabibu wa macho.

Nawasihi pia msinunue dukani, bila kupimwa, matone yenye deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza wekundu na uvimbe. Jicho huweza kung'aa kwa siku mbili, huku kidonda cha virusi vya herpesi au cha kuvu kikienea ndani, na matumizi ya muda mrefu huleta glakoma (presha ya jicho) na mtoto wa jicho. Mkija kituoni, njooni na kila chupa iliyotumika, hata iliyo tupu, ili tusome kilichomo kabla ya kuandika dawa nyingine.