SOMO: Ganzi kwanza, usingizi baadaye (kumtuliza mgonjwa wa bronkoskopi)

Wakuu, somo hili ni la watu wazima wanaopimwa mapafu kwa kamera laini inayopinda. Watoto tuwaachie wenye kazi yao.

1. Mjue mgonjwa wako. Mpime uzito, usikadirie kwa macho. Angalia oksijeni kabla hajawekewa chochote, uliza kama anakoroma sana, moyo ukoje, ini likoje. Chakula mara ya mwisho saa 6 nyuma, maji saa 2. Na hili tunalisahau sana: anatumia dawa gani? Mwenye ARV zenye ritonavir, midazolamu (dawa ya kutuliza) hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko unavyotegemea, basi punguza dozi.

2. Ganzi. Hapa ndipo kazi ilipo. Mgonjwa anayekohoa kamera ikifika kwenye nyuzi za sauti mara nyingi hajakosa usingizi, amekosa lidokeini, dawa ya ganzi. Ukimwongezea midazolamu ataacha kupumua vizuri, na kikohozi kiko palepale.

Ila ihesabu. Mimi sivuki mg 7 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 50 ana mg 350 tu. Sprei ya 10% kooni, mipulizo 10, ni mg 100. Jeli ya 2% puani, ml 6, ni mg 120. Zimebaki mg 130, yaani ml 13 za lidokeini ya 1%. Gawa ml 2 ml 2: nyuzi za sauti mara mbili, bomba la hewa, panapogawanyika, kisha kulia na kushoto. Jumla ml 12, umemaliza salama. Ukichukua ya 2% kwa mazoea, ml hizohizo 12 zinakuvusha mpaka. Nesi aandike kila mpulizo.

3. Dawa ya kutuliza. Fentanili (dawa kali ya maumivu, jamii ya morfini) maikrogramu 25 hadi 50 itangulie, husaidia na kikohozi. Kisha midazolamu mg 1 au 2, polepole. Subiri dakika 2 kamili kwa saa ya ukutani, ndipo uongeze mg 1. Aliyevuka miaka 70 anza na nusu mg hadi 1. Unataka mtu ambaye ukimwita jina anafungua macho.

4. Mwangalizi. Mmoja asiyeshika kitu kingine, macho kwa mgonjwa na oksimita (kipimo cha oksijeni). Flumazenili (ya kutengua midazolamu) na naloksoni (ya kutengua fentanili) ziwe mezani, sio kabatini.

MASWALI YA WADAU

*Dokta, dawa ya usingizi ya propofoli si ndiyo rahisi? Inaingia haraka, inatoka haraka.*
Kweli, lakini haina dawa ya kuitengua. Akizama, ni wewe na ambu bagi, mfuko wa kumpulizia hewa. Kama mtaalamu wa usingizi hayupo chumbani, iache.

*Na ketamini? Hiyo ipo kila mahali.*
Upumuaji haiugusi sana, ila mate yanajaa, na koo linaweza kujibana. Peke yake kwa kazi hii siipendi.

*Nikimpa flumazenili akaamka vizuri, naruhusu aende?*
Usithubutu. Flumazenili huisha kabla ya midazolamu, atasinzia tena, pengine akiwa kwenye daladala. Mkalishe kama saa 2 chini ya uangalizi. Chakula mpaka ganzi ya koo iishe, na uanze na maji kidogo. Bodaboda asiendeshe kwa saa 24, na ndugu wa kumrudisha nyumbani awepo tangu asubuhi. Hayupo? Mpangie siku nyingine, au umfanyie kwa ganzi peke yake. Wengi wanavumilia vizuri tu.