Kurudi kwenye programu za madirisha: nilianza na daftari la karafuu la shangazi

Mara ya mwisho kuandika programu yenye madirisha ilikuwa mwaka 2007, kwa Visual Basic 6. Mwaka wa pili wake Microsoft wakaacha kuihudumia zana ile, nami nikenda zangu kwenye kazi nyengine hapa Wete. Msimu uliopita nilimkuta shangazi, kule Mtambwe, anajumlisha pishi za wachumaji kwa taa ya simu, akikosea anafuta anaanza upya. Nikaona nirudi. Ukiwa umekaa muda kama mimi, pita njia hii.

Weka Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta. Kwenye Windows, Tkinter, zana ya kutengenezea madirisha, inakuja humo humo pamoja na hifadhidata ya SQLite. Unapakua mara moja tu, na kwa bei ya bando hilo si dogo. Andika `python -m tkinter`. Kikitokea kidirisha, uko tayari.

Kabla ya kuandika mstari wowote, chukua karatasi. Nilikaa jamvini na shangazi, karafuu zimeanikwa pembeni, nikamuuliza: mchumaji akifika, unaandika nini? Jina na idadi ya pishi, basi. Bei ya pishi ni moja siku nzima, inaandikwa asubuhi. Mimi nilishachora visanduku 7, vikabaki 2.

Kitakachokusumbua zaidi ni mpangilio. Kwenye Visual Basic ulikiburuta kitufe kwa kipanya, unapokiacha ndipo kinapokaa. Tkinter ina `place` inayofanana na hiyo, nikaikimbilia. Kwangu dirisha lilipendeza; kwenye laptop ya shangazi, yenye skrini ndogo, kitufe cha Hifadhi hakikuonekana kabisa. Achana na `place`, tumia `grid`, inayoligawa dirisha kwa mistari na safu:

```
jina.grid(row=0, column=1, sticky="ew")
pishi.grid(row=1, column=1, sticky="ew")
fremu.columnconfigure(1, weight=1)
```

Herufi e na w ni mashariki na magharibi: kisanduku kinashika kuta zote mbili za safu yake. `weight=1` inaiambia safu ichukue nafasi inayobaki dirisha likitanuliwa. Ukiusahau mstari huo wa tatu, visanduku vitajikunyata pembeni na wewe utadhani `sticky` ndiyo mbovu.

Kitufe kiandikie `command=hifadhi`, yaani jina la kazi (fungu la amri) ya kuhifadhi, bila mabano. Ukiweka mabano, kazi inafanyika pale pale programu inapofunguka, na kitufe ukikibonyeza hakijibu. Kosa hili lilinila siku 2.

Mstari wa mwisho, `mainloop()`, ndio unaoifanya programu ikae isubiri mtu abonyeze. Kwa hiyo usiweke `time.sleep`, inayosimamisha kila kitu kwa muda, ndani ya kazi ya kitufe, dirisha zima litaganda; tumia `after`, inayosubiri bila kuligandisha.

Na tafadhali, `commit()`, amri inayoiambia SQLite iyaweke moja kwa moja yale uliyoingiza, iwe ndani ya kazi ya kuhifadhi, kila mara. Jioni ya kwanza tuliingiza wachumaji 14, umeme ukakatika, na laptop ile betri yake imeshakufa. Sikuwa nimeiandika `commit()`, hakikubaki hata kimoja. Shangazi hakusema neno, akalivuta daftari lake. Niliumia sana, maana wale watu walikuwa wanasubiri pesa zao. Wiki nzima baada ya hapo tuliandika kotekote, daftarini na kwenye laptop, na wewe fanya hivyo.

Cha mwisho kilichomfaa zaidi ni mistari 2. Mikono ya kuchambua karafuu haipendi kipanya, kwa hiyo niliandika `pishi.bind("<Return>", lambda e: hifadhi())`, na mwisho wa `hifadhi` nikaweka `jina.focus()`. Sasa anaandika jina, anaandika pishi, anabonyeza Enter, kishale kinarudi kwenye jina, na mchumaji wa nyuma anasogea na pakacha lake.