SOMO: Filidi ya kwato kwa wanafunzi wa mifugo huku Nyanda za Juu Kusini

Wadau, kila msimu wa filidi (mazoezi ya vitendo nje ya chuo) inbox inajaa swali lilelile, "mkuu kukata kwato naanzia wapi", sasa naandika mara moja, soma mpaka chini ndo uulize.

1. Barua ya chuo mkononi, msimamizi aliyesajiliwa awepo. Usikate mnyama wa mtu peke yako.

2. Ovaroli, gambuti, kisu cha kwato (vipo vya mkono wa kulia na wa kushoto, angalia kabla hujanunua), koleo, tupa. Chanjo ya pepopunda uwe umeshachoma.

3. Nenda machinjioni asubuhi ununue makongoro kabla hayajababuliwa. Kata hayo kwanza, halafu moja lipasue katikati kwa msumeno wa chuma kuanzia juu mpaka nchani, uone kwa macho yako ile soli (sehemu ya chini ya kukanyagia) ilivyo nyembamba na nyama hai inapoanzia.

4. Mwangalie mnyama akitembea kabla hujamfunga.

5. Ng'ombe aingie krashi (kizimba chembamba cha kumbana asimame). Punda ashikwe na mtu anayemzoea, mguu usiuvute juu wala pembeni, mfupi yule, chuchumaa wewe.

6. KUKATA. Hapa ndo wanafunzi wanalemaza ng'ombe za watu. Kila mguu wa ng'ombe una kucha mbili, wa ndani na wa nje. Mguu wa nyuma anza na ukucha wa ndani maana ndo kipimo chako, pima kwa mbele kutoka nywele zinapoishia mpaka nchani, Friesian mkubwa acha angalau sm 8 hivi, chotara mdogo usimlazimishie namba hiyo. Soli ya nchani isipungue milimita 5. Kisigino cha ukucha wa ndani usikiguse kama hakijazidi. Halafu njoo ukucha wa nje uushushe ulingane na wa ndani. Kila ukitoa tabaka moja BONYEZA KWA DOLE GUMBA, ikianza kubonyea weka kisu chini, na ukiona rangi ya waridi ujue umeshapitiliza. Usikate ili ipendeze kwenye picha ya ripoti! Ng'ombe aliyekatwa sana anakanyaga mawe na tope la masika kwa soli nyembamba, anachechemea, hali vizuri, maziwa yanashuka, na kule Rungwe kuna mama ana ng'ombe mmoja tu na ada ya watoto inatoka hapohapo.

Punda mwenye kwato ndefu zilizopinda usimmalize siku moja. Punguza kidogo, rudi baada ya wiki kadhaa, ndo azoee kusimama upya.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Naomba PDF mkuu
– Hakuna PDF. Yote yapo hapo juu.

Mdau wa Uyole: Grainda si inamaliza haraka?
– Wanaoitumia wana diski zake na uzoefu. Wewe wa filidi usiishike, inaunguza kwato na mkono ukiteleza kidogo tu umefika kwenye nyama. Hatua ya 6 umeisoma kweli?

Dada wa Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Kwa nini nyuma ukucha wa nje ndo unakua sana wakati banda ni moja?
– Marahaba dada, swali zuri sana. Ng'ombe akitembea kiuno kinayumba, uzito unahamia kucha za nje za nyuma, na zikisukumwa hivyo kwenye sakafu ya zege zinazidi kutengeneza kwato, zikinenepa zinabeba uzito zaidi tena. Miguu ya mbele mara nyingi ni kinyume, wa ndani ndo unazidi, kwa hiyo mbele unaanza na wa nje. Sehemu ya kulalia weka matandiko makavu, alale muda mrefu, kwato zipumzike.

Mdau wa Ismani: Punda wetu mbona hawafungwi viatu kama farasi wa Ulaya?
– Njia zetu za vumbi kwato yenyewe inatosha ikitunzwa. Kule Uingereza kufunga viatu farasi ni fani yenye sheria yake tangu 1975, fundi lazima asajiliwe na anajifunza miaka kwa fundi mwenzake, na baadhi ya wanafunzi wa veterinari wanaenda kukaa nao wajifunze kwato. Nasi tungepata mafundi wa hivyo huku ningefurahi sana.

Mdau wa Njombe: Mrututu wa kukanyagia kiasi gani?
– Mrututu ni chumvi ya shaba (copper sulphate), weka gramu 50 kwa lita 1 ya maji. Osha kwato tope litoke kwanza la sivyo dawa haifanyi kazi. Tumia beseni la plastiki, chuma kinalika. Yakichafuka badilisha, usimwage mtoni, na kama una kondoo wafungie mbali wasiyanywe, shaba inawaua.