Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuomba Ufadhili wa Utafiti Baada ya Uzamivu: Kwa Wasomi wa Siasa na Katiba wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Anayemaliza uzamivu wa sayansi ya siasa au sheria ya katiba Maseno, Egerton, Kabarak au Masinde Muliro ana mali inayotafutwa na vyuo vya nje. Anaijua kwa karibu katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo, serikali 47 za kaunti zilizoanza kazi 2013, na mahakama iliyobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017. Kinachowaangusha wengi si alama wala uhaba wa akili. Ni kukimbilia fomu kabla ya kuwa na swali, na kuanza kumtafuta profesa mwenyeji, yule atakayekupokea chuoni kwake, wiki tatu kabla ya siku ya mwisho. Jipe mwaka mzima.

Kwanza hesabu umri wa shahada yako, maana ndio unaoamua milango ipi iko wazi. Ufadhili wa Humboldt wa Ujerumani, kwa ngazi ya watafiti wachanga, ni wa aliyepata uzamivu ndani ya miaka 4, na maombi hupokelewa mwaka mzima. Ule wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya huenda hadi miaka 8, lakini hufungwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Septemba, na una sharti la kuhama: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiendea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya kufunga. Mpango wa Max Weber ulioko Florence, Italia, huchukua wanasheria na wanasayansi wa siasa walio ndani ya miaka 5. Vyuo vingi vya Afrika Kusini navyo hutumia miaka 5. Usitegemee mwongozo wa mwaka jana. Pakua wa mwaka huu na uusome wote.

Angalia pia wanahesabu kuanzia lini, siku ya kutetea tasnifu au siku ya mahafali. Kwetu kati ya siku hizo mbili hupita miezi. Kama umetetea na kusahihisha lakini mahafali bado, omba kwa msajili wa masuala ya taaluma barua inayotamka kwamba umetimiza masharti yote ya shahada, ikiwa na tarehe, sahihi na muhuri. Barua inayosema tu kwamba jina lako limo kwenye orodha ya mahafali humwacha mkaguzi na shaka.

Sasa swali lenyewe, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote. Kosa kubwa ni kuirudia tasnifu kwa jina jipya. Tuseme tasnifu yako ilichunguza jinsi bunge la Kaunti ya Kisumu lilivyowashirikisha wananchi katika kupanga bajeti. Ukiomba miaka miwili zaidi ya kuchunguza hilohilo Kakamega na Nakuru, mhakiki aliyeko Heidelberg, Ujerumani, atauliza yeye atajifunza nini. Hana deni lolote na Kisumu, wala si kazi yake kukutafutia umuhimu wake.

Ligeuze hivi. Katiba ya Kenya inalazimisha ushirikishwaji wa umma, Kifungu cha 118 kwa Bunge na cha 196 kwa mabunge ya kaunti. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya Doctors for Life, ilibatilisha sheria mbili za afya kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Kwetu, Mahakama ya Rufaa iliiangusha Sheria ya Fedha ya 2023 tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Moja ya mabishano lilikuwa juu ya vifungu vilivyoongezwa baada ya wananchi kwisha kutoa maoni. Kwa hiyo swali linakuwa: mahakama hutosheka na ushahidi gani kwamba wananchi wamesikilizwa? Hapo Kisumu inaingia kwa nguvu zake. Daftari la mahudhurio la kikao cha bajeti lina majina, nambari za simu na sahihi. Linaonyesha nani alifika. Halionyeshi alichosema, wala kama kilibadilisha hata shilingi moja. Wewe uliyekaa na madaftari hayo unaweza kumwonyesha jaji, na profesa wa sheria linganishi, ni wapi ushahidi unaokubaliwa mahakamani hauthibitishi kinachodaiwa. Huo ni mradi. Vivyo hivyo kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 31 Machi 2022 kuhusu BBI, mpango wa kuirekebisha katiba, na mjadala wa muundo msingi wa katiba, yaani hoja kwamba ipo misingi isiyoweza kubadilishwa kwa marekebisho ya kawaida, ambao mizizi yake iko India katika kesi ya Kesavananda ya 1973. Hukumu za Kenya zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, kwa hiyo asiyezisoma hana kisingizio.

Ukishakuwa na swali, mtafute mwenyeji. Soma makala yake mawili au matatu ya karibuni, kisha mwandikie barua pepe isiyozidi ukurasa mmoja. Sentensi mbili za kwanza ziseme swali. Aya inayofuata itaje hoja moja mahususi ya mwenyeji unayoiendeleza au unayoipinga. Kisha ushahidi ulio nao tayari mkononi, jina la ufadhili unaoutaka pamoja na tarehe yake ya mwisho, na ombi moja linalojibika kwa ndiyo au hapana: je, yuko tayari kuwa mwenyeji? Ambatisha wasifu na muhtasari wa kurasa mbili. Usitume tasnifu nzima. Barua zinazoanza na sifa ndefu kwa profesa, au zinazomwomba akutafutie nafasi yoyote ile, hazijibiwi. Andika miezi sita kabla. Baada ya wiki tatu za kimya mkumbushe mara moja, kisha nenda kwa mwingine. Ukipanga kwenda Afrika Kusini, fahamu kwamba vyuo vya umma hupata ruzuku ya serikali kwa makala yanayotoka katika majarida yaliyoidhinishwa. Ndiyo sababu matangazo yao hutaja idadi ya makala kwa mwaka. Mweleze mwenyeji utaandika yapi na kwa jarida lipi.

Makala yako mwenyewe yawe mawili angalau, yaliyotoka au yaliyokwisha kukubaliwa, katika majarida yenye uhakiki wa kweli. Jarida linalokubali makala ndani ya siku chache na kudai malipo papo hapo litakuumiza kuliko kutokuwa na makala kabisa, kwa sababu mhakiki hulitambua jina mara moja.

Barua za wadhamini wa kitaaluma ni kazi yako pia, si yao peke yao. Wape wiki sita, muhtasari wa mradi, vigezo vya ufadhili na kiungo cha kupakia. Mmoja awe mtu wa nje ya chuo chako, kwa mfano mtahini wa nje wa tasnifu. Barua inayosema wewe ni mchapakazi mwenye adabu haisaidii. Unataka ile inayotaja sura fulani ya tasnifu na kueleza ilibadilisha nini katika fani.

Vigezo vina uzito, na uzito huo uongoze kalamu yako. Kwa Marie Skłodowska-Curie, ubora wa utafiti hubeba asilimia 50, athari 30 na utekelezaji 20. Wengi huandika sehemu ya utekelezaji usiku wa mwisho, na asilimia 20 huporomoka kwa ratiba isiyotekelezeka. Kama utarudi nyumbani kukusanya data, weka ndani ya ratiba kamati ya maadili, ambayo Maseno wanayo yao, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha kuripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya mahojiano ya kwanza. Mwenyeji kuwa Ulaya hakukuondolei leseni hiyo. Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na unaofuata ni wa tarehe 10 Agosti 2027. Wawakilishi wadi hawapatikani wakati wa kampeni, na mtu anayeuliza maswali ya siasa mitaani wakati huo hushukiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu asili ya kikabila kuwa data nyeti, kwa hiyo eleza utaihifadhi wapi, na jinsi utakavyoivusha mipaka kwa idhini ya wahusika na ulinzi wa kutosha.

Uliza mapema kama fedha ni mshahara au posho. Marie Skłodowska-Curie kwa kawaida hukuajiri kwa mkataba. Humboldt na nafasi nyingi za Afrika Kusini hutoa posho, isiyokuwa na pensheni. Tofauti hiyo inagusa bima ya afya, na familia ikiwa itafuatana nawe. Malipo ya kwanza yanaweza kusubiri akaunti ya benki ya huko, hivyo uwe na akiba ya kodi na chakula cha mwezi mmoja na nusu. Kama umeajiriwa chuoni, ombi la likizo lipite idarani na kitivoni mapema, na usome vizuri dhamana ya kurudi kazini kabla ya kuitia sahihi.

Hati za safari zina mtego mmoja unaowapata wengi: majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, shahada imeandikwa herufi moja tofauti. Tofauti ndogo huenda ikamalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Jina lililobadilika hasa huhitaji kubadilishwa kisheria na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hilo huchukua muda. Pasipoti unaweza kuishughulikia Kisumu, Nakuru au Eldoret, lakini kwa viza panga safari ya Nairobi. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu kwanza.

Saa ya kufunga huandikwa kwa saa za huko. Saa 17:00 ya Brussels mwezi wa Septemba ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ulaya inaporudisha saa nyuma, inakuwa saa moja usiku. Pakia nakala kamili siku mbili kabla, maana stima ikipotea jioni hiyo hakuna wa kukuongezea muda. Mifumo mingi hukuruhusu kubadilisha faili hadi dakika ya mwisho. Ukishatuma, fungua faili uliyopakia na uhesabu kurasa: ukurasa uliozidi kikomo hufichwa usisomwe, hata kama ndio wenye hoja yako kuu.