Kabla hujalipia blogu yako mwenyewe, weka haya sawa kwanza

Hapa Lamu siku hizi naona watu wengi wanataka blogu na nafurahi sana. Nahodha anataka wageni wampate moja kwa moja bila kupitia dalali, dada anaepika mikate ya mofa anataka maelezo ya mapishi yake yakae mahali, kijana mwengine anazunguka Pate na Siyu kurikodi mashairi ya wazee kabla hayajapotea. Wote hawa saa hii wanaandika kwenye status ya WhatsApp, ambayo saa 24 zikipita haipo tena, ama Facebook ambako ukitaka kuitafuta ile posti mwaka ujao utateremka mpaka kidole kichoke. Kwa iyo wazo la kuwa na mahala pako mwenyewe ni zuri na wala halitaki uwe umesomea kompyuta. Lakini watu huanzia mwisho, wanalipa, wanachagua marangi, alafu miezi imepita ndo wanauliza jina la blogu limeandikishwa kwa nani, na mimi hapo ndo nataka watu waanzie, manake blogu nyingi za huku ninazozijua zilizokufa zilikufa kwa sababu funguo zilikuwa mkononi mwa mtu mwengine.

Tuelewane kwanza unanunua nini. Ukisikia blogu ya kuihosti mwenyewe usifikirie ni kuweka kompyuta chumbani iwake usiku na mchana, umeme wetu twaujua. Unakodi nafasi kwenye seva ya kampuni, yaani kompyuta yao inayowaka muda wote, iyo ndo hostingi, unaandikisha jina lako, ilo ndo domeini, na ndani ya ile nafasi unaweka programu ya kuandikia. Chukulia jahazi. Jina lililochorwa ubavuni linakwenda na jahazi popote, leo limefunga Lamu, kesho Mokowe, kesho kutwa Kizingitini, na watu wanalijua kwa jina lile lile. Hostingi ni gati tu, gati likikuchosha unang'oa nanga unahamia jengine. Ndo mana kwenye hostingi ukikosea warekebisha, lakini jina likienda na mtu huna njia.

Programu yenyewe, anaeanza nitamwambia atumie WordPress asihangaike na nyengine. Ilianza 2003, walioianzisha ni Matt Mullenweg na Mike Little, ni ya bure, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia zinaitumia, maana yake ukikwama usiku wa manane kuna mtu ashakwama papo hapo na jibu lake limeandikwa. Ila kuna kitu kimoja kinachanganya watu sana, WordPress ziko za aina mbili. wordpress.com ni huduma ya kampuni, wao wanakuwekea kila kitu, na ule mpango wa bure unakuja na jina lao nyuma ya jina lako na matangazo yao kwenye kurasa zako. wordpress.org ndo unapoipata programu yenyewe ya kuweka kwenye hostingi yako, na kampuni nyingi za hostingi wana kitufe cha kuiweka kwa kubofya tu. Kama bado hujijui kama utaandika kweli, anza na ile ya bure miezi miwili mitatu, makala yako waweza kuyahamisha baadae na hakuna aibu yoyote. Na hata kabla ya iyo, andika makala matano kwenye simu. Matano kamili, si vichwa vya habari. Ukiyamaliza na bado una la kusema, sasa toa pesa.

Haya, jina. Hapa usiharakishe. Lichague fupi, bila vistari katikati, bila namba, alafu fanya jaribio hili, mpigie simu shangazi yako umtajie jina umwambie aliandike. Akikuuliza mara tatu "ni kwa c au kwa k", tafuta jengine. Usiweke jina la kampuni ya mtu wala usijibane, mtu ameanza na jina la mkate leo kesho anataka kuandika na samaki na jina halimruhusu. Mwisho wa jina, .com inajulikana kote, na zetu za Kenya ziko chini ya KeNIC, ndo wanaosimamia majina yote ya .ke, kuna .co.ke ya biashara, .or.ke ya mashirika yasiyo ya faida, .me.ke ya mtu binafsi, hata .ke tupu. Huendi KeNIC wenyewe kununua, unapitia kampuni za kuandikisha majina, na za hapa nchini nyingi zinachukua M-Pesa. Mimi nikiulizwa, ukiandika kwa watu wa hapa chukua ya Kenya, ukilenga wageni chukua .com, na ukiwa na uwezo wa zote mbili chukua zote moja uielekeze kwa mwenzake.

Sasa kwa nani. Kuna mama namjua ana nyumba ya wageni upande wa Shela, alitengenezewa tovuti nzuri na kijana wa mtaani, kijana mzuri tu mwenye heshima, aliandikisha jina kwa imeili yake yeye na namba yake. Kijana akapata kazi Ghuba, akaenda zake, ile imeili akaacha kuifungua. Kila barua ya kukumbusha malipo ilikuwa inakwenda kwenye imeili isiyosomwa na mtu. Jina likaisha muda, likachukuliwa na watu wengine, leo ukiliandika yatokea matangazo ya kamari. Mama wa watu ana kadi za biashara zimejaa droo zenye jina lile. Hakuna alieibiwa wala kudhulumiwa hapo, na hakuna wa kumshitaki. Kwa iyo nakuomba, hata ukimlipa fundi akufanyie kila kitu, akaunti ya domeini iwe kwa jina lako, kwa imeili yako, na ulipe wewe kwa simu yako wewe. Fundi mpe ufunguo wa kuingia kufanya kazi yake, ziko njia za kumuongeza kama mtumiaji mwengine na kumtoa akimaliza. Fundi anaekataa hilo mshukuru umtafute mwengine.

Na ujue jina halifi siku moja. Kwa .com, kampuni nyingi hukupa siku kadhaa za kulipia kwa bei ya kawaida baada ya kuisha, baada ya hapo kuna siku 30 za kulikomboa kwa pesa nyingi zaidi, hizo nazo zikipita mtu yoyote aweza kulinyakua, na kuna watu kazi yao ni kungojea majina kama hayo. Weka tarehe kwenye kalenda ya simu, mwezi mzima kabla, na umwambie mtu mmoja nyumbani.

Imeili ndo mama wa yote, manake anaeingia kwenye imeili yako atabadilisha paswadi ya domeini, ya hostingi, ya blogu, zote. Fungua imeili moja ya kazi hii tu, paswadi yake ndefu isiyotumika kwengine, na uwashe ule uthibitisho wa hatua mbili, lakini utumie apu ya kutoa namba kuliko kutegemea SMS, kwa sababu laini ya simu yaweza kupotea na matapeli wanajua kuihamisha. Ukiwasha utapewa namba za siri za dharura. Ziandike kwenye karatasi kwa kalamu, karatasi iwekwe pale zinapokaa hati za nyumba. Simu ikianguka baharini siku ukishuka motaboti ile karatasi ndo itakayokurudisha ndani.

Kuhusu hostingi sitasema mengi. Blogu mpya haihitaji seva kubwa, ule mpango wa chini wa kushirikiana na wengine watosha kabisa. Soma bei ya kurenew, yaani ya kulipia tena mwaka ukiisha, si ya mwaka wa kwanza tu, yaweza kuwa mara mbili au zaidi na iko chini kwa herufi ndogo. Neno "anlimited" lisikusisimue, ndani ya masharti kuna mpaka. Uliza cheti cha SSL, kile kinachofanya anwani ianze na https, kama ni bure, manake Let's Encrypt wanavitoa bure kwa dunia nzima na anaekutoza kwa blogu ndogo anakutoza bila sababu. Uliza bekapu, yaani nakala ya akiba ya blogu nzima, wanafanya kila baada ya muda gani na kuirudisha ni pesa ngapi. Na kabla hujalipa waandikie swali uone wanajibu vipi, wakichelewa siku tatu kwa mteja wanaemtaka jua utakapokuwa na shida itakuwaje. Hostingi lipa mwaka mmoja, domeini kama una uwezo lipa miaka kadhaa. Za nje zitataka kadi, na kama huna kadi ya benki M-Pesa GlobalPay inakupa kadi ya Visa ya kwenye simu. Jina na hostingi ukishaviunganisha yaweza kuchukua mpaka saa 48 kabla blogu haijaonekana kila mahali, usianze kubonyeza bonyeza kila kitu ukifikiri umeharibu.

Picha sasa, hapa bando zinaliwa. Chukua simu ya kawaida upige mlango wa nakshi pale mtaani, alafu fungua maelezo ya ile picha, utaona MB 4 hivi na upana wa pikseli 4000. Kwenye blogu ule mlango hautaonyeshwa kwa upana wa zaidi ya pikseli 1200 hivi, lakini msomaji aweza kubeba MB nyingi kuliko anazohitaji kwa bando lake, na ukiweka milango kumi hakuna atakaesubiri. Nenda Squoosh, tovuti ya kupunguza uzito wa picha, ni ya bure na inafanya kazi ndani ya simu au kompyuta yako yenyewe, picha haipandi mtandaoni. Punguza upana mpaka 1600, chagua aina ya faili JPEG au WebP, ubora 75, uangalie pembeni namba inavyoshuka mpaka KB mia mbili mia tatu, na bado misumari ya mlango na yale maua ya nakshi waviona vizuri. Fanya iwe ada kabla ya kupandisha picha yoyote. Na makala yaandike kwenye simu bila mtandao kisha uyabandike, Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa ya kusuasua, mwenye kuandika nje ya mtandao aliendelea na kazi yake.

Bado niko kwenye picha, kwa sababu huku kwetu kuna jambo zito kuliko MB. Picha ya ndani ya harusi ya kike haipandi, hata kama bibi harusi ni dada yako na amecheka kwenye kamera. Watoto wa madrasa, uliza wazazi. Wakati wa Maulidi watu ni wengi na kupiga umati si sawa na kumvuta uso mwanamke mmoja alie barazani kwake. Zima location ya kamera pia, picha ya simu huweza kubeba mahali ilipopigwa na unaeanika nyumba ya mtu hujui nani anatazama. Mashairi ya wazee omba ruhusa, andika jina la mwenye shairi juu kabisa, na kama ashafariki waulize wanawe. Na ukiweka fomu ya watu kujaza majina na namba zao, hapo umeshika data za watu, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa iyo chukua unachohitaji tu, waambie ni cha nini, usimpe mtu.

Plagini ni zile programu ndogo za kuongeza vitu. Nne tano zatosha: ya bekapu, ya kuzuia spamu, yaani maoni ya takataka, ya usalama, ya kuharakisha. Kila plagini ni mlango mmoja zaidi wa kulinda. Thimu, yaani zile sura za blogu zilizotengenezwa tayari, na plagini za kulipiwa zinazogawiwa "bure" kwenye magrupu ya Telegram usiziguse wallahi, nyingi zimetiwa vitu vya kumpa mtu mwengine njia ya kuingia kwako. Apdeti zikija ziweke, ukishachukua bekapu.

Siku ya kwanza ukishaingia, jina la kuingilia lisiwe "admin", maana roboti za wezi huanza nalo. Weka saa za Nairobi. Chagua muundo wa linki wenye jina la makala kabla hujachapisha chochote, ukiubadilisha baadae linki ulizowatumia watu zaweza kuvunjika. Angalia kile kisanduku cha kuzuia injini za kutafuta, kikiwa na alama Google itapita mbali na utashangaa mwaka mzima mbona hakuna anaekuja. Futa makala ya mfano waliyoiweka wao. Maoni yawe yanapita kwako kwanza. Alafu chukua bekapu, idaunilodi kwenye simu au kompyuta, usiiache kwenye seva ile ile peke yake, na ufanye hivo usiku huo huo hata kama kwenye blogu kuna makala moja tu.