SOMO: Togwa ya kimea, hatua kwa hatua (soma yote kabla hujauliza)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Kila wiki napata ujumbe ule ule: "togwa yangu imekataa", "togwa yangu inavutika kama bamia", "togwa imenipa tumbo". Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nayaweka hapa yote, atakayekuja tena na swali lililokwisha jibiwa nitamwonyesha namba ya hatua tu.

Mahitaji: unga wa mahindi kilo 1 (sembe au dona, mimi ni mtu wa dona), maji lita 8, kimea cha ulezi (ulezi ulioota ukaanikwa) kilichosagwa kikombe kimoja cha chai, na togwa nzuri ya jana nusu lita. Hiyo ya jana ndiyo chachu.

1. Kagua unga. Unga wenye uvundo, ulioshika mabonge au uliowahi kulowa, usiuguse. Msinijibu kwamba moto unaua kila kitu. Januari 2015 kule Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe ya msibani. Mwanzoni ikasemwa ni nyongo ya mamba. Vipimo vilipotoka, ikaonekana ni sumu ya bakteria waliokuwa kwenye unga wa mahindi ulioharibika, sumu isiyo na ladha wala harufu na isiyoondoka kwa kuchemsha. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, nayo ni hivyo hivyo: moto hauiondoi, na kuchachusha si dawa ya kuitegemea. Mahindi yenye ukungu hayageuki kuwa salama kwa sababu yamekuwa togwa.

2. Pika uji. Korogea unga kwenye maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga, uache utokote dakika 20.

3. Poza, kisha tia kimea. Hapa ndipo penye kaburi la togwa nyingi, zangu za mwanzo zikiwemo. Kimea kina vimeng'enya vinavyokata wanga wa uji kuwa sukari. Vinapenda joto, kati ya nyuzi 55 na 65 hivi, lakini uji unaotokota unaviua papo hapo. Ukitia kimea kwenye uji uliotoka motoni sasa hivi, umeongeza unga tu: uji unabaki mzito, ukipoa unaganda, na bakteria wa kuchachusha wanakosa sukari ya kula. Kungoja upoe kabisa nako ni kosa, maana kimea kitafanya kazi kwa kuvuta miguu. Tena uji vuguvugu ambao bado haujawa mkali ni karamu ya vijidudu vibaya. Yupo anayeitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, halafu zinaamka uji ukipoa polepole.

Asiye na kipimajoto akoroge mpaka mvuke mwingi upungue, kisha aguse sufuria kwa nje. Kiganja kikivumilia ukahesabu mbili, tatu, halafu kikakimbia chenyewe, tia kimea. Koroga. Baada ya dakika kumi hivi mwiko unakuwa mwepesi mkononi, na uji uliokuwa unaanguka mapande sasa unatiririka. Onja: utamu umeshaanza na hujaweka sukari. Funika nusu saa.

ONYO: usionje kwa kijiko kisha ukakirudisha sufuriani.

4. Rudisha jikoni, uchemke dakika tano. Wazee wengi hawafanyi hivi, nami siwabishii, lakini kimea kimeota kwenye gunia na kuanikwa juani, kuku wamepita, inzi wametua. Kazi yake ya kulainisha imekwisha, hakuna hasara kukichemsha. Hata bakteria wazuri wa kimea watakufa hapo, ndiyo maana chachu ni lazima.

5. Poza haraka. Tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga. Tone likidondokea ndani ya kifundo cha mkono lisikuchome wala lisikupe baridi, tia chachu.

6. Hamishia kwenye chombo kilichosuuzwa kwa maji ya moto: ndoo ya plastiki ya chakula, chuma kisichoshika kutu au mtungi. Sufuria ya alumini hapana, ukali unaila. Ndoo ya rangi hapana, hata ukiiosha mara mia.

7. Funika bila kukaza. Dar ni usiku mmoja, Njombe kwenye baridi ya mwezi wa saba inaweza kwenda siku moja na nusu. Iwe na ukali wa wazi na harufu safi. Mwenye karatasi za kupimia pH (kipimo cha ukali, namba ikishuka ukali umezidi) atafute 4 au chini yake. Ikiwa juu ya 4.5 bado haijawa togwa. Chuja, tia sukari ukipenda, weka kwenye friji.

MASWALI

Mtoto wa Kariakoo: Mkuu, naweza kutia hamira iwahi?

Mleta mada: Hamira inatoa gesi na kilevi. Sisi tunatafuta ukali. Hapana.

Bwana Shamba: Nimefuata hatua zote lakini uji umeganda na haujachachuka. Somo lako lina walakini.

Mleta mada: Kimea ulitia wakati gani?

Bwana Shamba: Ukiwa unatokota, ili kimea nacho kiive.

Mleta mada: Basi hukufuata hatua zote. Namba 3.

Mama Nuru: Dada, asante kwa somo. Mimi sina togwa ya jana, na hapa mtaani hakuna anayetengeneza. Nianzie wapi? Halafu kwa nini ile ya jana inaharakisha?

Mleta mada: Swali zuri, Mama Nuru. Pika uji kidogo, kikombe kimoja, upoze mpaka vuguvugu, tia kijiko cha kimea kibichi, funika kwenye chupa safi. Siku ya pili ukiwa mkali, chota kijiko kimoja utie kwenye uji mpya uliopoa. Uliobaki mwaga, usiunywe. Rudia hivyo kila siku. Mara za kwanza unaweza kunuka vibaya kidogo, kwa sababu kila aina ya kijidudu bado imo. Kadiri unavyorudia, wanaostahimili ukali ndio wanaobaki, jamaa kama Lactobacillus plantarum. Uji ukianza kuwa mkali kwa usiku mmoja na harufu yake ni safi, umepata chachu. Usipopata harufu safi, mwaga yote uanze na kimea kingine. Na hiyo ndiyo sababu ya kuharakisha: ni mashindano. Ukitia nusu lita ya togwa umeingiza jeshi zima pamoja na asidi yake, wabaya wanakuta uwanja umekwisha jaa.

Mzee wa Busara: Inatibu vidonda vya tumbo? Nataka kuiuza kama dawa.

Mleta mada: Mzee wangu, uza kama togwa.

Mama Nuru: Na mtoto wa miezi minane?

Mleta mada: Chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu. Wa minane anaweza, ila usiruke namba 4, na usiweke sukari. Kimea kina faida nyingine kwa watoto: kinakuruhusu kuongeza unga na uji ukabaki mwepesi kumezeka, hivyo tumbo dogo linapata chakula zaidi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilishaufanyia kazi uji huo miaka ya 1980.

Omugisha: Sisi Mbarara, Uganda, tuna bushera, ya mtama. Kimea cha mtama kinafaa hapa?

Mleta mada: Kinafaa sana, na rangi yake inapendeza. Ila mizizi na machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanaidi. Kikishakauka kipukuse kwa viganja, upete, utupe vyote vilivyochomoza, ndipo usage. Na bushera mnaichuja au mnakunywa na machicha?

Omugisha: Tunachuja. Machicha ni ya kuku.

Bwana Shamba: Juu ya togwa yangu umeota utando mweupe.

Mleta mada: Mweupe, laini, bila manyoya: ni hamira za porini, ladha inaharibika tu, ondoa na uinywe mapema. Wenye manyoya, au wa kijani, mweusi, waridi: mwaga yote, usikwangue juu.

Chuma cha Pua: Vipi maziwa ya soya, nayo yanachachuka?

Mleta mada: Soya ichemshwe vizuri kwanza, mbichi inasumbua tumbo. Ikipoa, tia vijiko viwili vya yogati yenye bakteria hai kwa lita na kijiko cha sukari, funika sehemu yenye joto, inaganda kama mtindi. Anayekwepa maziwa kabisa ajaribu na chachu ya togwa, inachelewa zaidi.

Mtoto wa Kariakoo: Nimeweka kwenye chupa ya soda nikakaza kizibo. Ina siku tatu nje ya friji, chupa imevimba.

Mleta mada: Ifungulie nje au juu ya sinki, kidogo kidogo, uso kando. Hiyo sasa si ya watoto.